Mjomba Ajibu: Nyama ya Jumapili na Desturi za Pabu

Barua zimejaa tena mezani kwa Mjomba. Zimetoka Slough, Leicester, Reading, Northampton, Milton Keynes na Salford. Waandishi ni wapwa wa kila lafudhi ya Kiswahili, kuanzia cha Unguja hadi cha Bukavu, na karibu wote kisa chao ni kimoja: walikwenda kula chakula cha mchana cha Jumapili kwenye pabu ya kijijini, nje kidogo ya mji, na mambo yakaenda mrama. Mjomba, mwenyeji wa Uingereza tangu enzi za barua za ndege, ameshakula nyama hizo mpaka daktari wake akamkanya. Ameamua kuwajibu wote kwa mkupuo.

Kwa asiyejua kinachozungumzwa, pabu ya namna hiyo ni nyumba ya zamani yenye dari ya chini na maboriti meusi, moto wa kuni, mbwa aliyelala chini ya meza na ubao ulioandikwa kwa chaki nyama za siku hiyo. Si lazima mtu aende mbali. London inayo Spaniards Inn, pembeni ya nyika ya Hampstead Heath, nyumba inayosemekana kujengwa mwaka 1585 na ambayo Charles Dickens aliitaja katika The Pickwick Papers. Hapo barabara inabanwa kati ya pabu na kibanda cha kale cha ushuru wa njia, kiasi kwamba magari hupita kwa zamu.

Wa kwanza kuandika ni baba wa Leicester, mzaliwa wa Tanga. Alimwambia bintiye, aliyezaliwa Leicester na anayejitegemea, awawekee meza ya watu sita saa saba. Wazazi wakafika saa saba mchana, wakaambiwa hakuna meza kwa jina hilo na nyumba imejaa. Wakarudi kwao kusonga ugali. Binti na ndugu zake wakafika saa moja usiku, ambayo kwenye simu yake inaandikwa saba, wakapewa meza nzuri kando ya moto pamoja na taarifa kwamba jiko limefungwa. Walikula njugu za paketi. Baba anataka kujua amlaumu nani.

Mjomba anamwambia ajilaumu mwenyewe. Mtoto aliyekulia Leicester hawezi kubahatisha kwamba siku ya babaye huanza kuhesabiwa alfajiri. Lakini kuna funzo kubwa zaidi la saa, kwa sababu Jumapili anayetawala pabu si bia wala mwenye pabu. Ni oveni. Anayelielewa hilo ataelewa karibu kila kitu kingine katika barua hizi.

Nyumbani Afrika Mashariki mteja wa nyama choma hufika, huchagua paja, hupimiwa kilo zake, kisha hukaa kusubiri. Njaa yake ndiyo inayopeleka nyama motoni. Pabu ya Kiingereza inakwenda kinyume. Mbavu za ng'ombe, paja la kondoo na kipande cha nguruwe huingia oveni asubuhi, mafungu makubwa yanayokadiriwa kwa meza zilizokwisha kuandikishwa. Huokwa mara moja. Saa sita mchana yanaanza kukatwa vipande, na yakiisha yameisha. Hakuna wa kurudi machinjioni. Ikifika saa kumi alasiri ubao wa chaki unakuwa umefutwa nusu, na mchelewaji anabaki na kuku, kama ana bahati. Kwa hiyo meza iwekwe mapema katikati ya wiki, na watu wafike kati ya saa sita na saa nane. Kwa Kiingereza ni kati ya kumi na mbili na mbili. Baba wa Tanga aliandike hilo kwenye mlango wa friji.

Haraka hiyo ina historia yake. Mwaka 1915, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ilibana saa za kuuza pombe ili wafanyakazi wa viwanda vya risasi na mabomu wasifike kazini wamelewa, na kufunga alasiri kukawa desturi ya sheria. Vita ikaisha, sheria ikabaki. Siku nyingine za wiki zilifunguliwa mwaka 1988, lakini Jumapili pabu za England ziliendelea kufunga katikati ya alasiri na kufungua tena saa moja usiku, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1995. Wazee wa leo walikulia humo: kanisani, pabu, mezani, usingizi. Saa za kisheria zimelegea, matumbo yao bado.

Kijana wa Nairobi anayesoma Reading ana malalamiko ya aina nyingine. Aliketi na wenzake mezani, akangoja mhudumu, akangoja sana, hatimaye akaita kwa ile sauti ya ulimi inayotumika kwenye baa za kwao: "tsss!" Pabu nzima iligeuka. Hakuna aliyekuja.

Hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna wa kuja. Katika pabu nyingi mtu huinuka mwenyewe, huenda kaunta, huagiza, hulipa papo hapo na kubeba vinywaji vyake. Chakula nacho mara nyingi huagizwa hapohapo kwa kutaja namba ya meza, kisha huletwa. Na pale kaunta pana foleni ingawa haionekani. Mwanaanthropolojia Kate Fox aliieleza vizuri katika Watching the English, kitabu chake cha mwaka 2004: watu wamesambaa kwenye kaunta bila mstari wowote, lakini kila mmoja anajua aliyemtangulia, na mhudumu naye anajua. Kupunga noti au kugonga kaunta na sarafu humrudisha mtu nyuma. Inatosha kusimama, kumtazama mhudumu machoni na kuwa na sura ya mtu mwenye matumaini. Mjomba anakiri kwamba sura hiyo inahitaji mazoezi.

Kijana huyohuyo anasema wenzake walimnunulia kinywaji mara tatu, akashukuru, akaaga. Sasa hawamwaliki. Mpwa, ile haikuwa zawadi, ilikuwa raundi, na raundi ni deni sawasawa na mchezo wa upatu: aliyepokea lazima atoe, na anayepokea fungu la kwanza akatoweka habari zake hufika mbali. Asiyekunywa pombe naye yumo; atanunua bia za wengine naye atanunuliwa soda. Asiyetaka kuingia aseme mapema, kabla ya glasi ya kwanza, na hakuna atakayemnunia. Ajue pia kwamba painti moja ni mililita 568, si chupa ndogo, na kwamba Scotland ilishusha kiwango cha pombe kwa madereva Desemba 2014 hadi miligramu 50 katika mililita 100 za damu, wakati England imebaki na 80. Mjomba anashauri sifuri, hasa kwenye vichochoro vya kijijini vyenye upana wa gari moja na farasi.

Sasa Mjomba anafika kwenye barua iliyomchekesha mpaka chai ikampalia. Mama mmoja wa Slough aliletewa sahani yenye nyama, viazi, karoti, kabichi na kitu kikubwa cha rangi ya dhahabu kilichovimba kama andazi lililopasuka. Akakitenga kando kwa heshima, akisubiri chai. Sahani ikaondolewa nacho kikaondoka. Chai haikuja.

Hiyo ilikuwa Yorkshire pudding, na pamoja na jina lake haina sukari hata chembe. Ni unga, mayai na maziwa, uji mwepesi unaomiminwa kwenye chombo chenye mafuta yanayochemka na kurudishwa kwenye oveni kali. Kitabu kimoja cha mwaka 1737 kilikuwa tayari na pishi lake, likiwekwa chini ya nyama inayozungushwa motoni ili linase mafuta yanayodondoka. Hannah Glasse akalichapisha kwa jina la Yorkshire mwaka 1747. Kule Yorkshire kwenyewe lililiwa kabla ya nyama, likiwa limelowa mchuzi. Shabaha ilikuwa kuwashibisha watu kwa unga ili nyama kidogo itoshe wote. Mama yeyote aliyewahi kuongeza viazi kwenye mchuzi wa nyama robo kilo anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Kwa hiyo mama wa Slough alikifukuza mezani kitu pekee katika sahani ile kilichobuniwa na mtu mwenye akili kama yake. Mara nyingine akijaze mchuzi katikati na akile kwanza, kingali kigumu pembeni.

Kuhusu damu: wapwa wanne wameuliza kwa nini nyama ya ng'ombe ililetwa ikiwa nyekundu ndani. Ile si damu. Ni protini iitwayo myoglobini, na mpishi hakusahau kitu, ndivyo wanavyoipenda. Anayetaka iliyoiva aombe kipande cha mwisho cha fungu, kilichokaa karibu na moto, au aagize nguruwe au kuku. Asimrudishie mpishi sahani mara mbili. Jumapili mpishi huyo ana sahani mia na subira ya watu watano.

Barua nzito kuliko zote ni ya Bibi mmoja wa Northampton, mzaliwa wa Unguja. Mwanawe amemwoa binti wa Kiingereza, na wakwe wamewaalika wote kwenye pabu ya kijiji chao. Bibi hali haramu, hataki kuwaaibisha wakwe, na hataki kukaa saa tatu akitafuna karoti. Anauliza pia kama inafaa hata kuketi humo.

Hilo la mwisho Mjomba anamwachia sheikh wake, maana safu hii haitoi fatwa. Anachoweza kumweleza ni hali ilivyo: mchana wa Jumapili humo utawakuta watoto wanaochora kwa penseli za rangi, mabibi wenye kofia na wachungaji waliotoka ibadani, na tangu 1 Julai 2007 hakuna moshi wa sigara ndani. Pombe ipo kaunta na ipo mezani. Aamue akijua hivyo.

Chakula ndicho chenye mitego, ingawa nyama ya nguruwe si mtego hata kidogo, imeandikwa ubaoni. Mtego uko kwenye viazi. Viazi vya kuokwa vya Jumapili mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini, na mnyama huyo hakuchinjwa kwa kisomo. Vivyo hivyo vyombo vya Yorkshire pudding. Mchuzi mara nyingi hukusanywa kutoka trei za nyama mbalimbali na huenda ukatiwa mvinyo. Hata mboga huweza kukaa trei moja na nyama. Tangu Desemba 2014 sheria inazitaka nyumba za chakula ziweze kumweleza mteja kuhusu vitu 14 vinavyosababisha mzio, kwa hiyo jikoni kuna orodha, na wahudumu wamezoea maswali. Lakini mafuta ya nguruwe hayamo katika hivyo 14, wala kileo. Anayetegemea orodha hiyo peke yake amejidanganya. Mwana apige simu siku chache kabla, si Jumapili saa saba wakati simu inalia na oveni inapiga kelele, aulize viazi vimeokwa kwa mafuta gani, mchuzi una nini, na kama kuna samaki au ule mkate mzito wa njugu na mboga wanaowapikia wasiokula nyama. Sahani ya namna hiyo ikishaagizwa mapema itakuja bila maelezo mezani, na wakwe hawatajua kwamba kulikuwa na shauri.

Vinywaji navyo viangaliwe. Saida ya huko ni kileo, hata ikinukia matufaha. Shandi ni bia iliyochanganywa na soda ya ndimu. Soda ya tangawizi kwa kawaida ni salama, ndugu yake Stoney anayeuzwa Mombasa na Dar es Salaam, ila zipo zenye kileo, kwa hiyo chupa isomwe. Maji ya bomba ni bure: tangu 2010 pabu za England na Wales zinalazimika kuwapa wateja wanaoyaomba. Kwenye vitamutamu, traifo yenye matabaka ya keki na kastadi mara nyingi imelowekwa mvinyo mtamu, wakati ile keki ya tende inayomwagiwa sosi ya tofi kwa kawaida haina. Tende hizo zitamkumbusha Bibi nyumbani, nayo ndiyo sehemu ya mlo ambayo Mjomba angeagiza hata kama asingeagiza kingine.

Mpwa mmoja alifika pabu ya Red Lion, wenzake wakafika Red Lion, na baina yao maili 12. Jina hilo ni miongoni mwa yanayopatikana kila mahali England, pamoja na Crown na Royal Oak. Hilo la mwisho linakumbuka mwaloni wa Boscobel ambamo Charles wa Pili alijificha mwaka 1651 baada ya kushindwa vitani Worcester. Watu wapeane msimbo wa posta, siyo jina.

Familia ya Kikenya kutoka Milton Keynes ilikwenda kula kwa magari mawili. Wakati wa kuondoka, gari la kwanza liliamini Nyanya yuko la pili, la pili likaamini yuko la kwanza. Nyanya alikuwa msalani. Walirudi mbio wakamkuta kando ya moto, amepewa chai, mbwa wa watu ameweka kichwa mapajani pake, na hana haraka ya kwenda popote. Sasa wakaza mwana wanalaumiana, na baba anaogopa habari isifike Murang'a.

Mjomba anawatuliza. Habari kama hiyo ilitoka magazetini Juni 2012, na aliyesahau alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. David Cameron na familia yake walikuwa wamekula chakula cha mchana cha Jumapili katika pabu iitwayo Plough, huko Cadsden, Buckinghamshire, jirani na Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu. Waliondoka kwa magari tofauti. Yeye akidhani binti yao wa miaka minane yuko na mkewe, mke akidhani yuko na babaye. Mtoto alikuwa amekwenda msalani. Kama robo saa baadaye walimpata salama. Nyumba yenye walinzi wa serikali imesahau mtoto. Nyumba ya Milton Keynes isijichukie.

Pabu hiyohiyo haikuishia hapo. Oktoba 2015 Cameron alimpeleka Rais Xi Jinping wa China, wakanywa bia na kula samaki na chipsi, na watalii wa Kichina wakaanza kufika kuagiza hivyohivyo. Mwaka uliofuata kampuni ya Kichina ikainunua. Anayetaka kuiona kwa miguu atapanda treni Marylebone hadi Princes Risborough; njia ya miguu ya Ridgeway, yenye urefu wa kilomita 139, inapita mlangoni. Viatu vyenye tope vifutwe kabla ya kuingia. Na arudi kwa treni, kwa maana mabasi mengi ya vijijini hayatembei Jumapili.

Barua ya mwisho haina mzaha. Imeandikwa na kijana wa Bukavu anayeishi Salford. Aliingia na mkewe na watoto kwenye pabu ya kijiji kimoja cha milimani, mazungumzo yakakatika, watu wakatazama. Walihudumiwa vizuri, wakala, wakalipa. Lakini mkewe amesema harudi. Anauliza kama walikosea kwenda.

Hawakukosea. Mjomba hatamwambia kwamba yale macho hayakuwa na maana, kwa sababu hakuwepo. Baadhi ya vijiji hivyo vina watu wanaojuana tangu shule ya vidudu, na hata Mwingereza wa mji wa pili hugeukiwa akiingia. Na baadhi ya macho ni ya kitu kingine, mwenye kutazamwa huyajua. Anachojua Mjomba ni kwamba kiti kile kilipiganiwa. Mwaka 1964, mjini Bristol, Paul Stephenson, mtoto wa baba wa Afrika Magharibi aliyekuwa ameongoza ususiaji wa mabasi mwaka uliotangulia, alikatazwa huduma katika pabu ya Bay Horse kwa sababu ya rangi yake. Aligoma kuondoka, polisi wakamkamata, mahakama ikamwachia. Kesi hiyo ilisikika nchi nzima, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi, iliyopiga marufuku ubaguzi katika mahali pa umma, pabu zikiwemo. Leo kazi hiyo inafanywa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kumnyima mtu meza kwa rangi yake ni kosa, na anayenyimwa aandike tarehe, saa na majina ya mashahidi kabla hajafika kwenye gari.

Kuhusu mke wa Salford, Mjomba anashauri asiburutwe. Wajaribu pabu nyingine iliyo karibu zaidi na mji, meza ya mapema, saa sita kamili, nyumba ingali nusu tupu. Anayeingia kwanza ndiye anayewatazama wengine wakiingia.

Neno moja kwa wote kabla Mjomba hajaenda kula. Siku ya akina mama ya Uingereza si ile ya Mei inayosherehekewa Kenya na Tanzania. Huwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, wiki tatu kabla ya Pasaka, na siku hiyo kila Mwingereza humpeleka mamaye kula nyama ya kuoka. Anayetaka meza apige simu mwezi mmoja kabla, na anapotaja saa aitaje kwa Kiingereza.